Nipige kura ya kumtoa mwalimu aliyenilea?

Barua

Shikamoo, mzee wangu.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya klabu ya soka ya kulipwa. Jina la klabu naliacha, maana utakachojibu kitasomwa na watu ambao tayari wanarushiana maneno. Timu yetu ni ya pili kutoka mkiani, mzunguko wa pili umeshaanza, na tumecheza mechi tisa za ligi bila kushinda. Sare nne, vipigo vitano.

Mwalimu wetu ni mkongwe. Ndiye aliyetupandisha daraja, ndiye aliyetufikisha fainali ya kombe, na nusu ya watu wanaofanya kazi klabuni wameletwa na yeye. Mimi ni mmoja wao. Nilipokuwa kijana wa kikosi cha akiba nisiyejulikana, alinitoa kwenye winga akanirudisha beki ya kulia, nikacheza hapo mpaka magoti yaliponigomea. Nilipostaafu, yeye ndiye aliyewaambia viongozi kwamba naweza kufaa ofisini. Wanangu wanamwita babu.

Bodi ina wajumbe saba. Watatu wanasema aondoke kesho, kwamba soka limemwacha, kwamba umri umeshasema. Watatu wanasema aachwe amalize msimu kwa heshima yake. Mimi sijafungua mdomo, na wote wanajua sababu. Mwenyekiti, ambaye ni mmoja wa wanaotaka aondoke, ameleta pendekezo la kati: apewe mechi tatu, na asiposhinda mbili kati ya hizo, msaidizi wake akaimu. Baadaye aletwe kocha kijana ambaye wakala wake anampigia simu mwenyekiti kila tukipoteza.

Nikuambie ninachokiona uwanjani. Hatuzidiwi kipindi cha kwanza. Mechi ya mwisho tuliongoza bao moja mpaka dakika ya 70 hivi, wapinzani wakaanza kuingia upande wetu wa kushoto kama wanapita mlango ulioachwa wazi. Nahodha alikuja pembeni kunywa maji, akamuuliza Mwalimu, "Tubaki hivihivi?" Nilikuwa nyuma ya benchi, nilisikia. Mwalimu alimwambia, "Endeleeni." Tukafungwa mawili, yote kwa krosi za upande ule. Mabadiliko yakafanywa dakika za mwisho.

Nikitenda haki, niseme pia kwamba beki wetu wa kushoto na kiungo mkabaji waliuzwa kabla ya msimu kuanza. Klabu ilihitaji fedha. Badala ya beki tukaletewa winga wa mkopo, akageuzwa beki. Na kwa mishahara sisi tuko miongoni mwa klabu tano za chini kwenye ligi, hatukuwa wa kugombea ubingwa.

Siku hizi mazoezi ya kila siku yanaendeshwa na msaidizi. Mwalimu anakaa kwenye kiti pembeni na daftari lake, anaingia uwanjani siku moja kabla ya mechi kupanga kona na faulo. Zamani alikuwa anakushika mabega kwa mikono yake, anakugeuza, ujue mwili uelekee wapi mpira ukiwa upande wa pili.

Mashabiki nao wana mabango yao, hayo siyaandiki.

Nikipiga kura ya kumtoa, nitamtazamaje? Nikipiga ya kumbakiza tukashuka daraja, watasema nilimlinda baba yangu. Nimefikiria kujitoa kwenye kura kabisa. Nishauri.

Mjumbe wa saba

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la kujitoa kwa sababu ndilo jepesi. Usijitoe. Ungekuwa na biashara naye, au anakudai, au mwanao ameajiriwa kwenye benchi lake la ufundi, ningekuambia utoke ukumbini kabla ajenda haijasomwa. Kulelewa na mtu hakukuingizii fedha mfukoni. Sema mwanzoni mwa kikao kwamba alikufundisha na kwamba mnaheshimiana kama baba na mwana, iandikwe kwenye kumbukumbu, kisha upige kura yako kama wengine. Ukitoka, zinabaki tatu kwa tatu, mwenyekiti ataamua peke yake, na mjumbe wa saba wa bodi yenu atakuwa yule wakala wa simu.

Sasa tuje kwa Mwalimu. Wenzako wote sita wanabishana kama anastahili: hawa wanapima alichowafanyia, wale wanapima umri wake. Mimi ningewauliza jambo jingine kabisa. Akiondoka Jumatatu, Jumanne asubuhi uwanja wa mazoezi utakuwa na kitu gani ambacho leo hauna? Nani atakuwa anasema nini, kwa wachezaji walewale, beki ya kushoto akiwa yuleyule winga wa mkopo? Mjumbe asiyeweza kujibu hilo, kura yake ni hasira tu. Na anayetaka abaki naye ajibu: akibaki, Jumanne itatofautianaje na Jumanne iliyopita? Kumbakiza kocha ili kila kitu kiendelee kama kilivyo, wakati kilivyo ndicho kilichowaleta mkiani, huko nako ni kukwepa kazi.

Kwenye kikao utatajiwa Alex Ferguson, naamini umeshatajiwa. Msimu wa 1989/90 Manchester United ilimaliza ligi ikiwa ya 13, akavumiliwa, akatwaa Kombe la FA mwaka uleule wa 1990, na yaliyofuata kila mtu anayajua. Ni kweli tupu, ila haikusaidii. Tunaikumbuka kwa kuwa iliisha vizuri. Makocha waliovumiliwa wakashuka na timu zao ni wengi, na hao hakuna anayewachongea sanamu.

Upande wa pili nao watakuja na Ivory Coast. Januari 2024, wakiwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta. Kocha wao Jean-Louis Gasset, mzee wa miaka 70, akaondoka mashindano yakiwa bado yanaendelea. Wakapenya hatua ya mtoano kwa mlango wa nyuma, kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu, msaidizi wake Emerse Faé akashika timu, na Februari 11 wakaifunga Nigeria 2-1 fainali. Au watataja Bayern Munich: Novemba 2019 walichapwa 5-1 na Eintracht Frankfurt, Niko Kovač akaondoka, msaidizi wake Hansi Flick akapewa timu, na kufikia Agosti 2020 walikuwa na vikombe vyote vitatu vikubwa, njiani wakiwa wameipiga Barcelona 8-2.

Nazo ni kweli. Lakini tazama waliokuwa uwanjani. Bayern ile ilikuwa imebeba ubingwa wa Ujerumani miaka saba mfululizo, ina Neuer, ina Müller, ina Lewandowski. Ivory Coast walikuwa na kikosi ambacho hakuna aliyekitarajia kutolewa mapema nyumbani kwake. Timu kama hizo zikikaa pabaya, zimekaa chini ya uwezo wake, na kumwondoa aliyezikalia kunaweza kuzirudisha zinapostahili, tena haraka. Wewe umeniambia kwa mishahara mko miongoni mwa watano wa chini. Kwa misimu mingi na ligi nyingi, bili ya mishahara ndiyo inayotabiri msimamo kuliko jina la mtu yeyote kwenye benchi. Klabu ya daraja lenu kuwa ya pili kutoka mwisho ni jambo baya, lakini halijavuka mipaka. Hakuna ushindi mkubwa uliofichwa kwenye kikosi hicho unaomsubiri kocha mpya aje aufungue.

Yuko mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliyepitia ligi kuu ya nchi yake kuanzia 1986 hadi 2004. Alichukua timu zilizomfukuza kocha baada ya kuporomoka, akaziweka kando ya timu zilizoporomoka vilevile lakini zikamwacha kocha wao. Zote zikainuka kwa namna inayofanana. Wakubwa wengi wa klabu hawapendi kusikia hili, kwa sababu ukimfukuza kocha timu ikiwa chini kabisa, itakayofuata karibu lazima iwe nafuu, na wewe utajipongeza kwa uamuzi mgumu. Soka lina mabao machache. Mlingoti mmoja, penalti moja, kadi nyekundu ya mapema, na mechi tisa zinaweza kuonekana mbaya kuliko zilivyochezwa.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wachezaji ni binadamu. Kocha mpya akifika, aliyekuwa anakaa jukwaani anakimbia, aliyekuwa na uhakika wa namba naye anakimbia. Leicester walimwondoa Claudio Ranieri Februari 2017, miezi tisa tu baada ya kuwapa ubingwa ambao dunia nzima ilishangaa. Msaidizi wake, Craig Shakespeare, akashinda mechi zake tano za kwanza za ligi na timu ikamaliza ya 12. Kazi ilifanyika, lazima tukubali. Oktoba ya mwaka huohuo Shakespeare naye akatolewa. Burnley walikaa na Sean Dyche zaidi ya miaka tisa, wakamwondoa Aprili 2022 zikiwa zimebaki mechi nane. Kocha wa muda, Mike Jackson, akaokota pointi 10 katika mechi nne za kwanza, watu wakaanza kuhesabu. Mechi nne zilizofuata wakapata pointi moja, wakashuka.

Kwa hiyo ule upepo upo, ila hauna urefu. Mkiutaka, muuitishe wakati ambao mechi chache ndizo zitakazoamua kila kitu. Ninyi mna karibu nusu ya msimu mbele.

Hapo ndipo ninapogombana na pendekezo la mwenyekiti wenu. Mechi tatu! Linaonekana la haki, na ndiyo maana linapendwa na kila bodi iliyogawanyika, lakini ni kurusha shilingi huku mmevaa suti. Mechi tatu hazimpimi mtu. Zinampima mlinda mlango wa wapinzani na ratiba. Anaweza kucheza vizuri mara tatu asishinde hata moja, au akacheza hovyo akashinda mbili kwa kona, mkalazimika kumbakiza mtu mliyekwisha kuamini hafai. Na wachezaji watajua, kwa sababu mambo ya bodi hayakai ndani ya bodi. Aliyenuna kwa kuwekwa benchi atajua kwamba mwezi ujao kuna bosi mwingine. Mwalimu mwenyewe ataacha kujenga, atapanga wakongwe anaowaamini na kujaza mabeki ili asife leo. Mkishampa mechi tatu, mmeshamfukuza, mmebaki tu kumchelewesha.

Badala ya mechi tatu zijazo, mzirudie hizo tisa zilizopita. Klabu ya kulipwa haikosi mtu wa video. Aketi na watu wawili wasio na upande, wahesabu nafasi za wazi mlizotengeneza na mlizoruhusu. Kama kuna mwenye takwimu za mabao yanayotarajiwa, yaani kila shuti limepimwa lilikuwa na uzito gani wa kuwa bao, vizuri zaidi. Kisha waorodheshe mabao yote mliyofungwa: yalianzia upande gani, dakika ya ngapi, nani alikuwa uwanjani. Mkikuta mnatengeneza nafasi sawa na wapinzani, basi jedwali linawadanganya na subira ina msingi. Mkikuta mnazidiwa mechi baada ya mechi, hizo sare nne ndizo zilizowadanganya.

Mimi nina dhana ya mtakachokuta kwa upande mmoja. Mabao mengi yatakuwa yamepitia kushoto. Mwanangu, beki wa kushoto aliuzwa na bodi. Kiungo ambaye angemfunika beki huyo naye aliuzwa na bodi. Bila fulbeki, yaani beki wa pembeni, wa kweli na bila mkabaji wa kuziba nyuma yake, yule winga wa mkopo anapanda kwa mazoea, kurudi anachelewa, beki wa kati anavutwa pembeni, na sanduku la penalti linabaki na mtu mmoja na washambuliaji wawili. Mlete Guardiola, krosi zitaendelea kupigwa. Kabla hamjampigia kura kocha, mtu mmoja kwenye kikao chenu aseme hili kwa sauti. Kwa kuwa ulicheza beki ya pembeni mwenyewe, na utaeleweka, sema wewe.

Hilo ndilo la kumtetea. La kumhukumu liko kwenye barua yako pia, na uliliandika kwa kulipitia juujuu.

Si umri. Novemba 2024 Roma ilikuwa ya 12 na imeshapitisha makocha wawili tangu msimu uanze. Wakamwita Ranieri yuleyule, ana miaka 73, akaimaliza ikiwa ya tano, pointi moja nyuma ya nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Wanaosema "umri umeshasema" waulizwe umesema nini.

Wala si kumwachia msaidizi mazoezi. Ferguson huyohuyo wanayemtaja wasiokielewa kisa chake aliendesha Manchester United miaka mingi akiwa pembeni ya uwanja, wasaidizi wakifundisha. Anayesimama nje huona mchezaji aliyechoka, aliyekasirika, aliyeanza kuvuta mguu, mambo ambayo mwenye filimbi mdomoni hayaoni. Lakini alichokiona alikifanyia kazi. Mtu alipumzishwa, mtu aliuzwa, mfumo ulibadilishwa.

Sasa rudi dakika ya 70. Nahodha wako, mtu anayekimbia ndani ya mchezo, aliona kushoto kunavuja. Akatoka mpaka kwenye chaki kuuliza. Mwalimu aliyekuwa anashika watu mabega akajibu neno moja, na mabadiliko matano anayoruhusiwa akayakalia mpaka mchezo umeshaharibika. Hapo kuna mambo mawili tofauti sana. Huenda hakuona. Au aliona, na hakuwa na cha kufanya, au hakuwa na nguvu ya kukifanya. Daftari lile analoandika kila siku, nimelifikiria kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako. Yaliyomo yanafika uwanjani? Msaidizi anayasoma? Wachezaji wameshawahi kusikia neno lililotoka humo? Kama hayafiki, timu yenu haina kocha mkongwe. Ina msaidizi anayefundisha na mzee anayetazama, na lawama zote zinakwenda kwa mzee.

Ndiyo maana suala la msaidizi kukaimu halinikai vizuri. Nimekutajia wasaidizi watatu waliopokea timu zikainuka, Faé, Flick na Shakespeare, na mwenyekiti wenu anaweza kujiegemeza hapo. Wenu ameshafundisha timu hii kila siku. Mabao ya dakika za mwisho yanatoka kwenye pumzi, pumzi inatoka mazoezini, na mazoezi ni yake. Kabla ya kumkabidhi, aambiwe aeleze anachotaka kufanya ambacho amekuwa akizuiwa. Akiwa nacho, mmepata mtu. Akisema tutaongeza morali, mmebadilisha jina kwenye karatasi.

Kuhusu kijana wa wakala sina mengi. Wakala anayepiga simu kila mkifungwa anafanya kazi yake. Muulizeni kijana, si wakala wake, angefanyaje kushoto kwenu na watu mlionao. Muulizeni anakuja na nani, maana akija na wasaidizi wanne bili yenu ya mishahara haitawasamehe. Na asipewe mkataba mrefu kwa sababu mna hofu ya kushuka. Mkishuka mtamlipa kwa mapato ya daraja la chini.

Kitu kimoja hakimo kabisa kwenye barua yako, nacho ndicho nilichokitafuta zaidi. Hakuna mahali ulipoandika kwamba mtu amemuuliza Mwalimu. Watu sita wanamjadili, mashabiki wanamwandikia mabango, wewe unakosa usingizi kwa ajili yake, na hakuna aliyeketi naye akamwambia: tueleze.

Nenda ukaketi naye. Usiende kimya kimya kama mwana kwa baba, itasemekana ulimvujishia siri. Mwombe mwenyekiti awatume wajumbe wawili, wewe na mmoja wa wanaotaka aondoke. Mumuulize kushoto atakuziba vipi kwa wachezaji waliopo, siyo kwa beki ambaye hamjamnunua. Mumuulize kwa nini aliacha kuingia uwanjani, na kama yuko tayari kurudi. Kisha mumuulize kama bado anaitaka kazi hii. Hili la mwisho uliulize wewe, na ukishauliza nyamaza umwache ajibu. Wakongwe wengi huchoka kabla ya klabu kuwachoka, wanabaki kwa sababu wanaona aibu kuwa wa kwanza kusema, na watu wao wa karibu nao wanaona aibu kuuliza. Huenda miezi mingi amekuwa akisubiri mtu wa kumfungulia mlango.

Wachezaji msiwapigishe kura. Mkianza kuwaita mmojammoja ofisini kuwauliza kuhusu kocha, mmewapa timu, na kocha yeyote ajaye ataikuta mikononi mwao.

Kwa hiyo kura. Kwa uliyoniandikia, mimi ningepiga ya kumbakiza, kwa masharti yatakayoandikwa. Bodi inunue au ikope beki halisi wa kushoto dirisha la usajili likifunguliwa, kabla ya mshambuliaji wala jina la kufurahisha mashabiki. Mwalimu arudi uwanjani, angalau kwa mazoezi ya ulinzi. Aletwe mtu wa kujibu kwa nini timu inaishiwa dakika ya 70. Na mpange tarehe ya kutathmini, mapumziko ya mechi za kimataifa yanafaa kwa sababu ajaye huwa na muda wa kufundisha, mkipima yaleyale ya video: nafasi mnazoruhusu, mabao ya robo saa ya mwisho, anachofanya akiulizwa swali na nahodha. Mkitekeleza hayo mkashuka, mtakuwa mmeshuka mkifanya kazi. Freiburg walishuka 2015, wakambakiza Christian Streich, wakarudi msimu uliofuata wakiwa mabingwa wa daraja la pili, na 2022 akawafikisha fainali ya kombe la Ujerumani. Walijua wanambakiza kwa lipi.

Akigoma masharti, au akikwambia hapana, nimechoka, au akikujibu kwa kukuhesabia aliyokufanyia, piga kura aondoke, na usisubiri tarehe. Arsenal waliuacha msimu mzima wa 2016/17 bila kueleza hatima ya kocha wao Arsène Wenger, wakamaliza wa tano, nje ya nne bora kwa mara ya kwanza tangu afike. Wakampa miaka miwili, akaondoka baada ya mmoja akiwa wa sita. Heshima waliyotaka kumpa kwa kuchelewa ilimgharimu yeye zaidi.

Na mkiamua aondoke, msimamie namna. Aambiwe na mwenyekiti, uso kwa uso, kabla ya wachezaji na kabla ya mitandao. Fidia iliyomo kwenye mkataba ilipwe yote bila kumtafutia kosa la kuipunguza, maana klabu nyingi huwaaga wazee wao kwa maua huku wanasheria wao wakiwapeleka kwenye usuluhishi. Msiandike "kwa makubaliano ya pande zote" kama hayakuwepo. Apewe nafasi ya kuongea na wachezaji wake, akitaka.

Usiku wa kikao usimpigie simu kabla ya mwenyekiti kumwona. Akikupigia yeye, pokea. Mwambie kikao kimekwisha, mwenyekiti atakuja asubuhi, na wewe utafika jioni yake. Kisha ufike kweli, na wanao uende nao. Akitaka kujua ulipigaje kura, mwambie.